Fundi wa Kushusha Rangi

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia Fundi akitaja rangi kwa jina kabla mtu mwingine hajaitaja. Alisema "ile ya kopo refu," au "ile iliyokolea," au "ile uliyoichagua wewe mwenyewe mama." Mteja akisema nyekundu, naye alisema nyekundu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anangoja tu kuulizwa. Watu waliona ni heshima ya fundi kwa mteja wake. Haikuwa heshima. Fundi hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani, na kazi yake ilikuwa kuchora mabango.

Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani namtegea. Siri hiyo aliibeba maisha yake yote ya kazi kama mtu mwenye kidonda ndani ya suruali, anayejitahidi asichechemee. Nami nilikuja kuijua si kwa ujanja, bali kwa sababu macho yangu ni yale yale. Alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, na nasikia ndivyo yanavyopita: mama humpa mtoto wa kiume, ilhali mama mwenyewe anaona vizuri kabisa. Mimi niligundulika hospitalini, nilipokwenda kupimwa ili niajiriwe udereva wa lori la pamba kule Bunda. Nesi alifungua kitabu chenye madoa madoa akaniuliza nasoma namba gani. Mimi niliona maharage yaliyomwagika. Nesi akamwita mwenzake aje aone, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Nyumbani nilisema nimekosa kazi kwa sababu ya kifua. Kwetu mwanaume akikosa kitu kwa ajili ya kifua, anapikiwa uji na kuambiwa apumzike. Akikosa kwa sababu hajui damu na jani vina tofauti gani, sijui angeambiwa nini, na sikutaka kujua.

Mambo ya ukoo nayaacha hapo hapo. Ninachotaka kueleza ni mkono wake.

Miaka ile maduka yalikuwa na mizani na kaunta, basi. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na mgeni aliyekuja na sukari alipokewa na nyumba nzima. Rangi ndiyo usiseme. Lakini Fundi alikuwa na bluu. Alikuwa na pipa la bluu alilolipata kwenye karakana moja pale Musoma, ambako walikuwa wameletewa rangi ya kupaka mashine, mashine zenyewe zisije kamwe. Alikuwa na nyeupe pia. Kwa hizo mbili alipaka hoteli, malori, milango ya vinyozi, na mitumbwi yote ya maana iliyopaki ufukweni Mwigobero.

Hapo ndipo alipopata jina. Alikuwa na namna yake aliyoiita kushusha rangi. Anaanza juu na bluu iliyokolea kabisa, anateremka nayo, kila hatua anailegeza kwa nyeupe kidogo, anapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, mpaka chini inabaki nyeupe tupu. Usingeweza kuweka kidole mahali ukasema bluu imeishia hapa. Wavuvi walijaribu. Niliwaona kwa macho yangu, wanaume wazima wenye magamba ya sangara mikononi, wameinama ubavuni mwa mtumbwi wanatafuta.

"Fundi, hii bluu inaishiaga wapi?" mmoja alimuuliza.

"Itafute," alisema. "Ukiipata niite."

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni uchawi. Leo najua ni macho. Macho kama yetu yakinyimwa rangi mbili, yanang'ang'ania kiza na mwanga. Tunaona kitu kimefifia kidogo kabla wenzetu hawajaona. Kwa hiyo katika dunia ya bluu na nyeupe Fundi hakuwa na upungufu wowote, alikuwa juu ya wote. Shida ya nchi nzima ilikuwa ndiyo nafuu yake. Sidhani kama kuna mtu mwingine mkoa mzima wa Mara aliyesikitika maduka yalipojaa.

Alikuwa mtu mgumu, nisimpambe. Kitu alichokichukia kuliko vyote ni uongo. Mtu akichelewa akaanza hadithi ya basi kuharibika, Fundi alimkata: "Sema tu ulilala." Kwaya ilimweka sauti ya nne, na mwenzake akikosa noti alisimamisha mazoezi yote mpaka aliyekosa akiri. Pombe hakuionja. Hata togwa ikikaa siku ya pili aliinusa, akairudisha. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anadanganya kila siku ya Mungu kuhusu kitu ambacho mtoto wa chekechea angemsahihisha. Alikuwa mkali kwa waongo kwa sababu alijua kazi ya uongo ilivyo nzito, na aliona wengine wanaufanya kwa mzaha.

Makopo yake yalikaa kwenye shelfu kwa mpangilio, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Siku moja mke wake alifagia lile banda la kazi, akayapangusa makopo yote vizuri, akayarudisha kwa ukubwa wao. Kosa la mama wa watu ni usafi. Fundi alipiga kelele majirani wakatoka nje. Mke alikwenda kwao Buswahili, na Fundi alimfuata baadaye na sukari mkononi.

"Makopo tu?" mkewe alimuuliza mbele ya wazee. "Umenifokea hivyo kwa sababu ya makopo?"

"Mkono wangu umezoea," alisema.

Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Mipaka ikalegea, bidhaa zikamwagika kutoka mpakani Sirari, na rangi zikaja za kila aina, makopo yanang'aa, yameandikwa majina. Kila mwenye kibanda alitaka bango lenye rangi zote alizoziona kwa jirani, na nyingine moja ya kumzidi jirani. Fundi akawa msomaji wa lebo. Alikuwa anasoma kopo kama mtu anayesoma dawa ya mtoto. Wateja walimsifu kwa uangalifu.

Kanisa la Buswahili, kwa wakwe zake, walimwomba achore ukuta wa nyuma ya mimbari kwa ajili ya Pentekoste: njiwa, na chini yake ndimi za moto. Walinunua rangi wenyewe. Kilichotokea ni kitu kidogo sana. Mafundi waliopaka milango na madirisha walibakiza rangi kidogo, wakaimimina kwenye kopo lililokuwa tupu ili isikauke. Kopo lilisema nyekundu. Ndani kulikuwa na kijani cha madirisha. Mtu yeyote angefungua kifuniko, acheke, atafute kopo lingine. Fundi alisoma lebo, akakoroga, akapanda ngazi. Alichora kutwa nzima Jumamosi peke yake, mlango umefungwa, kwa sababu alitaka iwe zawadi.

Jumapili walifungua mlango. Ndimi zilikuwa nzuri, zimeshushwa toka kiza mpaka mwanga kama bluu ya mitumbwi, kila ulimi unapepea. Na zilikuwa kijani kama majani ya mihogo.

Bibi mmoja wa upande wa wakwe ndiye aliyevunja ukimya. "Huu moto," alisema, "mbona umeota?"

Watoto walicheka, kisha wakubwa. Mama alinisimulia kwamba Fundi aliugeukia ukuta, akauangalia kwa muda mrefu, akitafuta kosa lililowachekesha watu wote na yeye halioni. Alilijua tu kwa kumsikiliza yule bibi. Kisha akasema, "Ndivyo nilivyokusudia. Roho analeta uhai." Mchungaji, Mungu ambariki, aliidaka hiyo akaihubiri. Ukuta ukaachwa hivyo hivyo. Lakini wakwe walijua kucheka kwao kulikuwa kwa nini, na Fundi hakukanyaga tena kanisa lile. Mwezi haukuisha akasema mafuta ya taa yanamwumiza kifua, akaweka brashi chini. Nilipolisikia neno kifua, nililitambua. Nilishalitumia mimi.

Hapo ndipo nilipojua. Sikumwambia, naye hakujua kama nimejua. Tulikuwa tunakutana kwenye sikukuu, tunaulizana habari za mvua.

Kompyuta ilimrudishia uhai. Mfanyabiashara mmoja alifungua ofisi pale Bunda, karibu na stendi, ya kuchapa barua, kadi na kalenda za kwaya. Mimi nilikuwa nachapa barua. Mwenye ofisi alimkumbuka Fundi wa mitumbwi, akamwita aje afundishwe programu ya kuchora. Nilitegemea atakataa, mtu aliyekuwa na mvi tayari. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa mbele ya ile mashine, na siku alipoonyeshwa kwamba ndani yake kila rangi ina namba, aliomba arudiwe kuelezwa.

"Kila rangi?"

"Kila rangi, mzee. Wino ziko nne: bluu, pinki, njano na nyeusi. Unaiambia mashine kila wino uwe asilimia ngapi."

"Na nyekundu?"

"Bluu sifuri, pinki mia, njano mia, nyeusi sifuri."

Aliiandika kwenye kiganja. Jioni ile tulitembea pamoja hadi stendi, na nilimsikia anainong'ona njiani, sifuri, mia, mia, sifuri, kama mtu anayekariri anwani ya ndugu aliyepotea. Mtu ambaye hajawahi kuona nyekundu alikuwa ameipata mwishowe mahali isipoweza kumtoroka.

Akawa bingwa wa kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiweza. Wateja walileta michoro kwenye diski kutoka Mwanza, na programu ya huko haikuwa ya kwetu. Ukifungua mchoro, mistari inakuja, maandishi yanakuja, lakini rangi ya kushuka inakuja imekufa: bonge jeusi, au vipande vipande kama ngazi. Wengine walikuwa wanawarudishia wateja diski zao. Fundi alilifungua lile faili kwenye programu ya maandishi matupu, likamwagika kurasa na kurasa za maneno na namba, na yeye akaanza kushuka nalo taratibu, kidole kwenye kioo. Alikuwa anatafuta mahali rangi inapoanzia, mahali inapoishia, na vituo vyake vya katikati. Akivipata anavinakili kwenye karatasi, namba nne kwa kila kituo, kisha anakwenda kwenye programu yetu na kuijenga upya. Rangi iliamka vile vile ilivyokuwa Mwanza. Wateja walikuja kutoka Musoma, hata Tarime.

"Mjomba, unaonaje humo ndani?" nilimuuliza. "Mimi naona takataka."

"Siangaliagi rangi," alisema. "Naangalia inapoishia."

Nilicheka naye. Alikuwa ameniambia yote, na mimi nilijifanya nimesikia utani.

Sasa nifike kwenye kadi, ambazo ningependa kuziruka.

Mama mmoja mwenye maduka pale Bunda alikuwa anaoza binti. Alitaka kadi za rangi ya damu ya mzee inayoshuka taratibu mpaka dhahabu, na mchoro aliuleta kwenye diski. Fundi aliitoa ile rangi kwenye faili, kituo kwa kituo, akaijenga. Namba zilikuwa sahihi. Nimezirudia kichwani mara nyingi, zilikuwa sahihi kabisa. Kilichotokea ni kwamba wino wa pinki uliisha kwenye printa. Printa ya siku zile haikusema kitu, iliendelea tu na zilizobaki. Damu ya mzee ukiitoa pinki, kinachobaki ni bluu, njano na nyeusi, na hizo zikichanganyika zinazaa kijani cha tope la bwawani.

Tulichapa zote. Mimi nilikuwa napokea, yeye anakata. Tuliziweka kwenye maboksi pamoja, wanaume wawili, mchana kweupe, dirisha liko wazi. Nakumbuka alinyanyua moja akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Imeshuka vizuri," na mimi nikasema, "Imeshuka, mjomba." Kweli ilikuwa imeshuka vizuri.

Yule mama alikuja na dada zake na mashemeji kuzichukua. Alifungua boksi. Akafungua la pili. Akafungua yote.

"Hiki ni nini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Binti yangu anaolewa, ninyi mmenichapia matope? Mmekaa humu watu wazima wawili, hakuna aliyeona?"

Hapo Fundi alinigeukia. Sitausahau uso ule. Alikuwa anauliza kwa nini sikumwambia, na papo hapo akapata jibu, kwa sababu mimi pia nilikuwa nazitazama zile kadi bila kuliona kosa. Tulijuana ndani ya dakika moja, mbele ya mashemeji wa watu.

"Mlikuwa mmelewa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama," Fundi alisema. "Nililewa. Huyu kijana hausiki, alikuwa ananifuata tu."

Mtu asiyeonja hata togwa iliyolala. Mwenye ofisi alimwondoa siku ile ile. Mimi nilibaki na kazi yangu ya barua, nikatazama sakafu mpaka wote wakatoka. Wapo watakaosema alinikinga. Ni kweli, lakini alijikinga yeye kwanza. Alipima mlevi na kipofu wa rangi, akaona bora mlevi. Naijua ile mizani, hata mimi ingenipa jibu lile lile.

Kanisa lake lilimtenga, kama lilivyopaswa. Alitolewa kwaya, akakaa benchi la nyuma. Muda wake ulipotimia aliitwa mbele kutubu, na mzee wa kanisa, ambaye alikuwa mtu wa kufuatilia, akamwuliza alikunywa pombe gani.

Fundi alisita. "Ile ya chupa kubwa," alisema.

Watu waliguna kwa huruma. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mke wake, na yeye hakuguna. Alikuwa anamkazia macho mumewe kama mtu anayesikiliza shahidi mahakamani. Mwanamke anajua kinywa cha mumewe kinanukaje. Alijua hakuna pombe iliyonywewa, na kwa hiyo alijua kuna kitu kingine kilichofichwa nyuma ya pombe hiyo. Wakamwimbia wimbo wa kurudi zizini. Fundi aliimba nao, sauti ya nne.

Walihamia Butiama, kwenye shamba, mbali na mabango. Nilikwenda mara chache. Tukikaa tulizungumzia mahindi na ng'ombe, na kila tulipobaki wawili mmoja wetu alipata sababu ya kutoka nje.

Mara ya mwisho nilishuka basi Butiama nikanunua nyanya sokoni nisiende mikono mitupu. Muuzaji alikuwa anahudumia mtu mwingine, akaniambia, "Chagua tu mwenyewe, baba." Sikupenda kusema sijui. Nilichagua kwa ukubwa.

Mke wa Fundi aliumimina mfuko kwenye ungo, pale uani, akasimama ameshika kiuno.

"Mbichi," alisema. "Zote mbichi! Nani amekuchagulia hizi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ningesema yule muuzaji ameniibia, kesho kutwa nitamrudia. Fundi alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, amekonda, blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alinitazama ninavyofungua mdomo.

"Sema tu hukuona," alisema.

Kisha akamgeukia mkewe.

"Haoni, mama watoto. Nyekundu na kijani, haoni tofauti. Na mimi sioni. Sijawahi kuona." Alivuta pumzi. "Ule moto wa kwenu, sikukusudia. Zile kadi za harusi, sikulewa. Wino uliisha, sikuona."

Aliinamisha kichwa. Nami niliinamisha changu. Nilitegemea mke acheke, au alie, au amwite jirani. Alivuta kigoda akaketi, ungo magotini, akaanza kuzigeuzageuza zile nyanya moja moja.

"Sikukuu ile," alisema mwishowe, "umeanza kazi ya kompyuta, una furaha. Nilivaa gauni nililoshonewa na dada. Ulinishika mkono mlangoni, ukaniambia, mama watoto, hili gauni jekundu limekupendeza."

"Nakumbuka."

"Mimi sijawahi kuwa na gauni jekundu."

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa ungo, hakuna aliyemfukuza.

"Nikasema huyu ameliona kwa mwingine, amechanganya. Halafu ukaja ukatubu pombe ambayo hukunywa. Nikasema basi, ni yeye, mwenye gauni jekundu, ndiye anayefichwa." Sauti yake ilikatika. "Nimekaa na huyo mwanamke ndani ya nyumba hii mpaka nimezeeka. Nilikuwaga namtafuta kanisani. Kumbe ni macho? Si ungesema tu?"

Fundi alilia. Alilia bila sauti, mikono imelala juu ya blanketi, mikono ile iliyotembea juu ya mitumbwi yote ya Mwigobero. Sikuwa na pa kutazama. Niliona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili ya mke wangu mwenyewe kule Musoma, ambaye mpaka siku ile alikuwa anajua nina kifua.

Fundi alijifuta kwa pembe ya blanketi.

"Lilikuwa la rangi gani?" aliuliza.

"Kijani," mkewe alisema.

Fundi alimtazama mkewe.

"Lilikupendeza," alisema.

Mkewe alinyanyuka na ungo wake, akaanza kuzipanga zile nyanya kwenye bati la jikoni, mahali penye jua, ziive.